Gari dogo Kyela: Kununua ni rahisi, kulimiliki ni hesabu nyingine

Na Mwandishi Wetu

KWA wakazi wengi wa Kyela, gari dogo lililotumika Japan si ndoto ya mbali tena. Mwalimu, mfanyabiashara wa mchele, mkulima wa kokoa aliyepata msimu mzuri na kijana aliyeuza bodaboda yake ili apande daraja, wote huitazama Toyota Vitz, Passo, IST, Starlet au Nissan March kuwa hatua ya kwanza ya kuachana na kusubiri basi kituoni.

Tatizo haliko katika ndoto hiyo, bali katika hesabu yake. Wanunuzi wengi hukusanya fedha, hukopa pale zinapopungua, kisha humlipa muuzaji hadi shilingi ya mwisho. Miezi michache baadaye gari huonekana uani likiwa limepandishwa juu ya matofali, limevuliwa gurudumu moja, huku mwenye nyumba akiendelea kulipa mkopo wa kitu kisichotembea.

Makala haya yanaeleza ni matatizo gani huyapata magari hayo katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa nini huyapata, na mnunuzi atenge nini kabla ya kutoa fedha yake.

Mazingira yanayoamua kinachoharibika

Vitz ya Dar es Salaam na Vitz ya Kyela zinaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja siku moja, lakini hazizeeki kwa namna moja. Mambo manne huzitofautisha: mlima, maji, mzigo na umbali wa vipuri.

Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 hadi 1,600, na barabara inayoendelea kupitia Kiwira hadi Uyole hupanda zaidi ya mita 2,000 kabla ya kushuka kuelekea Jiji la Mbeya. Anayekwenda Mbeya kumwona daktari au kununua bidhaa huikwea safu hiyo asubuhi na kuishuka jioni ya siku hiyo hiyo.

Ukanda huo pia ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hukusanya maji ya milimani na kuyamwaga katika tambarare ya mpunga. Barabara kuu zina lami, lakini njia nyingi zinazoingia vijijini na mashambani hubaki za udongo, na wakati wa masika hugeuka tope zito.

Injini kupata joto

Gari dogo lenye injini ya cc 1,000 halikutengenezwa likiwa bovu. Vitz ya kwanza ilipoingia sokoni mwaka 1999 ilipata tuzo ya Gari la Mwaka nchini Japan, na ndugu yake aliyeuzwa Ulaya kwa jina la Yaris alitwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 2000. Lakini ni gari la mjini, lenye uzito usiofika tani moja, lililokusudiwa mizigo ya kawaida.

Kwa taratibu za Japan, abiria mmoja hukadiriwa kuwa na kilo 55. Watu watano ni kilo 275. Katika barabara ya Kyela si ajabu kuona gari hilo likiwa na watu wazima sita na gunia la mchele la kilo 100 nyuma. Hapo mzigo umezidi kiwango kwa mbali, na injini inaanza kupanda mlima ikitokea kwenye joto la bondeni. Kadiri inavyopanda, hewa huwa nyepesi na nguvu ya injini hupungua kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Dereva hukanyaga mafuta zaidi, na joto huongezeka.

Gari zima huweza kustahimili. Lililochoka husaliti sehemu tatu. Ya kwanza ni rejeta iliyoziba kwa kutu na uchafu. Ya pili ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo si kizibo tu. Kazi yake ni kuhifadhi shinikizo linalozuia maji yasichemke mapema. Katika mwinuko wa mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa hiyo mfuniko uliolegea huko juu una madhara makubwa kuliko ziwani. Ya tatu ni feni ya umeme ambayo haizunguki kwa wakati wake.

Kosa kubwa zaidi ni kujaza maji ya bomba, ya kisima au ya mtoni badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya rangi yanayozuia kutu. Vichwa vya injini hizi ni vya alumini. Injini ikichemka mara moja na kuachwa iendelee, kichwa hupinda, gasketi huungua, na matengenezo ambayo yangekuwa ya mfuniko mmoja yanakuwa ya kufungua injini nzima. Mshale wa joto ukipanda, au taa nyekundu ya joto ikiwaka, dawa ni kusimama, kuzima injini na kusubiri ipoe, bila kufungua rejeta ikiwa bado ya moto.

Breki za kuteremka

Kupanda hutesa injini, na kushuka hutesa breki. Gari linaloshuka kutoka Tukuyu hadi bondeni hupoteza zaidi ya mita 1,000 za mwinuko. Nguvu yote ya mshuko huo lazima igeuke joto mahali fulani, na kwa dereva anayekanyaga breki njia nzima, joto hilo hubaki kwenye diski na pedi.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Katika hewa ya ziwani yenye unyevu mwingi, mafuta ambayo hayajabadilishwa kwa miaka mingi huwa yamechanganyika na maji. Yakipata joto kali huchemka, hutoa mapovu, na dereva hushtuka kuona kanyagio linazama hadi chini bila gari kusimama. Mafuta hayo ni ya bei ndogo na yanapaswa kubadilishwa walau kila baada ya miaka miwili, lakini ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote.

Dawa ya pili haina gharama. Dereva wa gari la otomatiki anapaswa kuhamisha gia kutoka D kwenda 2, au kwenda L panapokuwa pakali sana, ili injini isaidie kulizuia gari. Kwa giaboksi ya CVT herufi huwa S au B. Wapo wanaofanya kinyume, wakiweka gia huru kwa kuamini kwamba wanaokoa petroli. Imani hiyo haina msingi kwa magari haya. Injini yenye mfumo wa kompyuta hukata petroli gari linaposhuka likiwa kwenye gia bila kukanyagwa mafuta, ilhali gia ikiwa huru injini huendelea kula petroli ili isizimike. Anayeshusha hivyo hupoteza petroli, na huiachia breki peke yake kazi yote.

Miguu ya gari

Sehemu inayopeleka wengi gereji mara kwa mara ni miguu. Gari dogo lina uvungu wa sentimita 15 hivi, magurudumu ya inchi 13 au 14 na shokapu nyepesi. Mashimo ya barabara za udongo huua kwanza bushi na linki za stabilaiza, kisha bolijointi, tairodi, beringi za magurudumu na mwishowe shokapu zenyewe.

Dalili hutangulia. Kugonga mbele gari linapopita kwenye matuta huashiria linki au bushi. Mlio wa kukoroma unaoongezeka na mwendo huashiria beringi. Mlio wa ta-ta-ta wakati wa kukata kona huashiria viungo vya shafti za magurudumu ya mbele. Viungo hivyo hulindwa na raba iliyojaa grisi. Raba ikipasuka, tope na mchanga huingia, na kiungo huisha muda mfupi baadaye. Kubadilisha raba mapema ni nafuu kuliko kununua shafti.

Bolijointi iliyokwisha haihitaji huruma. Ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena. Mafundi huiona kwa dakika chache gari likiinuliwa kwa jeki, hivyo hakuna sababu ya kusafiri bila kuikagua.

Maji, tope na kutu

Wapo wanaodhani ziwa ndilo linalokula mabati. Ziwa Nyasa ni la maji baridi, yasiyo na chumvi kama ya bahari. Kutu ya Kyela hutokana na tope linaloganda uvunguni na kubaki na unyevu kwa wiki nyingi. Hali huwa mbaya zaidi kwa gari lililotoka mikoa ya Japan yenye theluji, kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari la namna hiyo huja na kutu iliyoanza, na unyevu wa huku huimalizia kazi. Mnunuzi hana budi kulala chini na kutazama uvungu, mabomba ya breki, bomba la moshi na kingo za chini za milango.

Mafuriko yana hatari ya aina yake. Injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa, pistoni hujaribu kukandamiza kitu kisichokandamizika, na fimbo yake hupinda. Injini huzimika ghafla, na anayejaribu kuiwasha tena huivunja kabisa. Aidha, maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 tu huweza kulisogeza gari dogo barabarani. Anayefika kwenye daraja lililofunikwa na maji anapaswa kusubiri, hata kama basi lililo mbele yake limepita.

Injini na giaboksi

Uvumi kwamba injini za Vitz hufa haraka hauna msingi. Vitz, IST na Passo hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na cheni inayopata oili safi huishi miaka mingi. Starlet ya zamani hutumia mkanda, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mnunuzi wa Starlet asiyejua mkanda ulibadilishwa lini ahesabu kwamba haujabadilishwa.

Kinachoua cheni ni oili chafu. Injini hizi hazihitaji zaidi ya lita nne, hivyo dumu moja hutosha, na kuibadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na chujio lake ni bima ya kwanza ya mwenye gari. Mlio wa cheni asubuhi injini inapowashwa, au moshi wa bluu nyuma, ni dalili kwamba aliyetangulia hakuijali bima hiyo.

Baadhi ya Vitz zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2005, IST kuanzia 2007 na Passo kuanzia 2010 zina giaboksi ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Giaboksi hiyo ina mafuta yake maalumu. Kuiwekea mafuta ya otomatiki ya kawaida ni kuiua, na giaboksi iliyokufa huweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya gari zima.

Mifuko ya hewa

Jambo moja halizungumzwi sana sokoni, nalo linahusu uhai. Mamilioni ya magari duniani, zikiwamo baadhi ya Vitz na ndugu zake Yaris, yaliitwa kiwandani ili kubadilishiwa mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japan, ambayo ilifilisika mwaka 2017. Kemikali inayoijaza mifuko hiyo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, kisha siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Kyela. Toyota ya Japan ina ukurasa katika tovuti yake ambako namba ya chasisi huonyesha kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Ukaguzi huo hauna malipo.

Hesabu ya mwaka

Gharama ya kwanza ni petroli. Husafirishwa kwa barabara kwa mamia ya kilomita kutoka bandarini, ndiyo maana bei kikomo inayotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi huwa juu zaidi Kyela kuliko Dar es Salaam.

Tuchukue mfano. Kwa urahisi wa hesabu lita moja iwe Sh3,000, na gari litembee kilomita 1,000 kwa mwezi. Likiwa zima na likienda kilomita 14 kwa lita, litatumia takribani lita 71, sawa na Sh214,000. Likiwa na plagi zilizochoka, chujio la hewa lililoziba na sensa mbovu, likaenda kilomita 10 kwa lita, litatumia lita 100, yaani Sh300,000. Tofauti hiyo kwa mwaka inazidi Sh1 milioni, fedha inayotosha kulifanyia gari huduma iliyokwepwa na chenji ikabaki.

Gharama ya pili ni bima. Bima ndogo ya gari binafsi, inayomlinda mtu mwingine tu, kwa miaka mingi imekuwa Sh118,000 kwa mwaka, kodi ikiwamo. Bima kubwa kwa kawaida hukokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kabla ya kodi. Mwenye gari la mkopo afikirie hiyo ya pili, kwani gari likianguka mlimani deni halianguki nalo.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari, maarufu kwa jina la rodi laiseni, ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye mafuta kwa Sh40 kwa lita. Kwa hiyo kila anayekanyaga mafuta bila sababu hulipa kodi zaidi.

Gharama ya tatu ni vipuri na umbali wake. Vipuri vya kawaida hupatikana mjini Kyela, lakini kifaa kisicho cha kawaida hufuatwa Mbeya au huagizwa Kariakoo na Ilala, zaidi ya kilomita 900. Nauli ya kifaa, siku za kusubiri na kipato kinachopotea ni sehemu ya bei yake. Hapo ndipo Toyota inapolishinda gari la aina adimu lililouzwa kwa bei ya kuvutia. Fundi analijua, na kipuri chake kipo.

Kabla ya kutoa fedha

Wengi hupima umri wa gari kwa herufi ya namba ya usajili, wakisema "ni namba D" kana kwamba ni jipya. Herufi hiyo huonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, haionyeshi lini lilitengenezwa. Gari la mwaka 2001 linaweza kuwa na namba D. Umri wa kweli umo katika kadi ya gari na namba ya chasisi. Tairi nazo zina tarehe. Tarakimu nne za mwisho ubavuni, kwa mfano 2318, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Anayeagiza mwenyewe kutoka Japan akumbuke kodi. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2023/24, injini isiyozidi cc 1,000 haikutozwa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wake, lakini uchakavu ulitozwa asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi hapo, juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Ndiyo maana gari kuukuu linaloonekana la bei ya chini kabisa Japan halifiki hapa kwa bei hiyo.

Kyela ina mtego wake pia. Mpaka wa Kasumulu hupitisha magari yaliyotumika yanayokwenda Malawi, maarufu kwa jina la IT, ambayo hayajalipiwa kodi ya Tanzania. Anayeuziwa gari la namna hiyo kwa bei ya kushangaza ananunua kesi, kwani likikamatwa hupoteza gari na fedha.

Kwa gari linalonunuliwa mkononi, majina ya kadi na ya muuzaji yalingane, deni la faini za barabarani liangaliwe katika mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na umiliki uhamishwe TRA mara moja. Kisha gari lijaribiwe mlimani likiwa na abiria, si kwenye tambarare ya mjini likiwa tupu. Gari linalopanda kuelekea Tukuyu bila mshale wa joto kusogea, likashuka bila kanyagio la breki kulegea, limejieleza kuliko maneno ya dalali.

Mwisho ni akiba. Mwenye Sh8 milioni asinunue gari la Sh8 milioni. Anunue la Sh6.5 milioni na kubakiza fedha ya kubadilisha mafuta yote, tairi zilizopitwa na wakati na miguu, maana gari lililotumika hudai matengenezo ndani ya miezi ya mwanzo, lipende lisipende. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye mteremko wa Tukuyu, ukuta huo huweza kulipwa kwa maisha ya walio ndani ya gari.